Funua Nione

Msimu wa mbata, zile nazi zilizokauka za kuuza, ulipofika Kigombe, watu waliulizana "umeamkaje?" bila kungoja jibu. Jibu lilijulikana: mtu ameamka na mgongo wake unauma, kama jana, kama juzi. Nazi zilijaa kila uwanja, na lori la kuzichukua mbata lilipita mara moja tu kwa juma. Likikukuta hujawa tayari, basi, ungoje juma jingine, na mvua ikunyeshee.

Semeni binti Mwinyijuma alikuwa darasa la nne mwaka ule. Asubuhi aliwaamkia wazazi wake, akafagia uwanja, akala kiporo cha muhogo, kisha akajitwisha pakacha la makumbi, yale maganda ya nazi yenye nyuzi, akampelekea mama yake pwani. Mama yake, Bi Chiku, aliyafukia makumbi katika mashimo ya matope ili yaoze, halafu akayaponda kwa gogo apate usumba wa kusokotea kamba. Mikono ya Bi Chiku ilinuka matope hata siku ya Idi. Baada ya hapo ndipo Semeni alipokwenda shule, na mara nyingi alisinzia wakati wa hesabu. Mwalimu alimwona, akamwacha. Naye alikuwa na shamba lake.

Baba yake, Mwinyijuma, alikuwa mfuaji nazi. Kufua nazi ni kuivua makumbi yake, na chombo chake ni kifuo: chuma chenye ncha kali kama mkuki, kimechimbiwa ardhini, ncha inatazama juu. Mfuaji huishika nazi kwa mikono miwili, akaipigiza pale, akaisokota kwa uzito wa mwili wake, na ganda likaachia. Ukimtazama utadhani mchezo. Kajaribu wewe, kisha uje unieleze. Mwinyijuma aliifanya kazi hiyo kuanzia asubuhi mpaka jua linapunguka, na jioni alishindwa hata kukunja vidole ashike tonge.

Siku moja katika msimu huo alikuja shuleni Bwana Kristofa, dresa wa zahanati ya shamba la mkonge lililokuwa kando ya barabara ya Tanga. Alikuwa Mbondei, mtu mrefu, mpole, macho yake mekundu kwa kukosa usingizi. Alisema hakuja kuchanja mtu, kwa hiyo waliojificha nyuma ya choo watoke. Watoto walicheka, na waliojificha wakatoka.

Akawapanga wawili wawili, mmoja mgonjwa, mmoja mwuguzi. Semeni aliwekwa na rafiki yake Mwamvua, ambaye alijilaza chini upesi kwa sababu siku hizo kila mtu alitafuta pa kulala.

"Mwenzako amekatwa na panga, damu inaruka," alisema Bwana Kristofa. "Usikimbilie majivu, wala tumbaku, wala kahawa. Chukua kitambaa safi, kiweke juu ya jeraha, kisha bana. Bana kwa viganja vyote viwili, mikono umeinyoosha, uzito wako wote uuweke hapo. Mlaze. Kama ni mkono, uinue juu. Kitambaa kikilowa usikitoe, ongeza kingine juu yake, uendelee kubana. Mtu mwingine akaite msaada. Wewe usiondoke, na usifunue. Damu inataka kutulia pale chini ili igande. Ukifunua, umeivuruga."

Watoto walibana. Bwana Kristofa akatoka nje. Alikaa huko mpaka mikono ya Semeni ikachoka, kisha akarudi akipiga hodi mlangoni kama mgeni, akajishika kiuno kama mzee.

"Jamani, nimesikia kuna mgonjwa humu," alisema. Akamwendea mtoto wa kwanza. "Pole, pole sana. Hebu funua nione."

Mtoto akafunua. Akamwendea wa pili, naye akafunua. Semeni alifunua upesi kuliko wote, maana alikuwa amelelewa vizuri.

"Mgonjwa wako amekufa," alisema Bwana Kristofa. "Na wako. Na wako. Wote mmewaua."

Darasa lilicheka, ila kicheko kilikatika chenyewe. Semeni alihisi uso wake unawaka, kwa sababu mwaka uliotangulia mambo hayohayo aliyaona nyumbani kwao. Babu yake, Mzee Mselem, aliteleza na shoka akichanja kuni, likampata mguuni. Walimlaza barazani, wakamfunga kitambaa, na watu wakaja kumjulia hali kama desturi ilivyo. Kila aliyefika alisema, "Pole, mzee. Hebu funua tuone." Nani atamkatalia mtu aliyeacha kazi zake akaja kukupa pole? Kitambaa kilifunuliwa kutwa nzima. Damu ikitulia, anafika mwingine. Alasiri Mzee Mselem alifariki, na watu wakasema siku yake imefika.

Semeni alinyoosha kidole. "Bwana dresa, mtu mzima akikwambia funua, utamjibuje?"

"Utamwambia hapana."

Hapana, mtoto kumwambia mtu mzima, halikuwa neno la Kigombe.

"Babu yangu alikufa hivyo," alisema Semeni. "Watu walisema siku yake ilifika."

Bwana Kristofa alimgeukia. "Siku ya mtu anaijua Mungu, binti. Mimi sibishani hapo. Lakini kitambaa kilikuwa mikononi mwetu."

Kabla ya kuondoka aliwaagiza kila mmoja aandae vitambaa safi kwao: vichemshwe, vianikwe juani vikauke, vikunjwe, viwekwe karibu na pale watu wanapofanya kazi na chuma. Semeni alirudi nyumbani na agizo hilo akamweleza mama yake, aliyekuwa amekaa juu ya kibao cha mbuzi anakuna nazi huku amefumba macho.

"Kitambaa safi kimekunjwa kinangoja damu," alisema Bi Chiku bila kuyafumbua macho. "Unajua kitambaa gani hukunjwa kikamngoja mtu? Sanda. Usituletee uchuro, mwanangu. Balaa ukiliandalia mkeka, litakuja kukaa."

"Bwana dresa amesema..."

"Bwana dresa ana watu wake. Kalete maji."

Semeni alileta maji. Hakuwa na nguvu za kubishana, na mama yake hakuwa na nguvu za kumgombeza. Lakini usiku ule maneno ya sanda na maneno ya kitambaa yalipigana kichwani mwake, na asubuhi alimfuata baba yake bandani. Mwinyijuma alimsikiliza huku akizikandakanda kano za mkono wake wa kulia.

"Mama yako ana hofu, na hofu yake si mbaya," alisema. "Tumezika mwaka jana. Ila mimi huyu ndiye ninayekaa naye kutwa." Alikigusa kifuo kwa kidole cha mguu. "Uchuro siujui. Chuma hiki nakijua. Andaa vitambaa vyako, uvitundike hapa. Mama yako nitasema naye mwenyewe."

Basi Semeni alichukua kanga kuukuu iliyolainika kwa kufuliwa, akaichana vipande vipana, akavichemsha, akavianika, akavikunja. Alivitia katika kikapu kidogo cha ukindu chenye kifuniko, akakitundika kwenye nguzo ya banda. Bi Chiku alikiona siku ileile. Alikipita akiangalia upande wa pili, kama mtu anavyompita mdai wake njiani.

Jioni, kazi ikipungua, Semeni na Mwamvua walifanya mazoezi palepale. Mwamvua alikuwa fundi wa kuigiza sauti za watu. Alikuja akiburuta miguu kama Bi Kijakazi, jirani yao: "Ewe mtoto, hebu funua, mimi nimeona mengi kabla hujazaliwa." Akaja akikohoa kama Mzee Zubeiri, ndugu wa marehemu Mzee Mselem, aliyewafundisha wote wawili Kurani. "Funua nione, mjukuu wangu." Semeni alijua ni Mwamvua. Hata hivyo kila mara vidole vyake vilitaka kufunua, na neno hapana lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki changu.

"Wewe hufai," alisema Mwamvua. "Unaogopa hata mimi."

"Rudia tena," alisema Semeni, na Mwamvua akarudia, huku wote wawili wakipiga miayo.

Alhamisi moja, lori likitarajiwa kesho yake, rundo la nazi lilikuwa bado linafika kiunoni. Mwinyijuma alikuwa kazini tangu alfajiri, na chakula cha mchana alikila amesimama. Semeni na Mwamvua walitoka shule wakaja moja kwa moja kukusanya makumbi. Mvua nyepesi ilikuwa imepita, na nazi zilikuwa na utelezi.

"Baba, pumzika kidogo," alisema Semeni.

"Nikikaa, sitainuka," alisema baba yake, akaokota nazi nyingine.

Nazi ile haikuchomwa na ncha. Iliteleza pembeni, na mkono wa Mwinyijuma ukashuka pale nazi ilipotakiwa kushuka, na uzito wake wote nyuma yake. Chuma kilimpasua kuanzia karibu na kiwiko kwenda chini. Aliutoa mkono, akasimama anautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine. Damu ilikuwa inaruka, inatua, inaruka.

"Semeni," aliita kwa sauti ndogo.

Semeni aliogopa mno. Kwa kitambo alikuwa barazani mwaka jana, anamtazama babu yake. Kisha mikono yake ikafanya ilivyozoea kufanya kila jioni. Ilikitungua kikapu, ikakiweka kando yake, ikatoa kitambaa.

"Lala chini, baba. Lala." Alikiweka kitambaa juu ya jeraha, akabana kwa viganja viwili, akaulaza mkono juu ya rundo la makumbi ili uinuke. "Mwamvua, kamwite mama. Na mtu akasimamishe lori lolote barabarani. Kimbia."

Mwamvua alikimbia akipiga ukelele njia nzima, na ukelele haumwiti mtu mmoja. Kitambaa kililowa. Semeni hakukitoa, alichukua cha pili kwa meno kutoka kikapuni, akakiweka juu, akaendelea kubana. Baba yake alikuwa anatoka jasho la baridi na uso wake umepauka.

Wa kwanza kufika alikuwa Bi Kijakazi, na mkononi ameshika kahawa iliyosagwa ndani ya kifuu.

"Maskini Mwinyijuma. Funua upesi, mtoto, nimwagie hii. Kahawa hukata damu."

"Shikamoo, bibi. Hapana, bibi," alisema Semeni. Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilitoka.

"Unasemaje?"

"Bwana dresa amekataza. Sifunui."

Bi Kijakazi aliwageukia waliokuwa wanafika. "Mmemsikia mtoto huyu? Baba yake anakufa, yeye ananijibu mimi." Watu walinung'unika. Mmoja alisema watoto wa shule ndivyo walivyo siku hizi. Kijana mmoja, lakini, alitoka mbio kuelekea barabarani bila kungoja aone chochote, na Mungu amlipe.

Kisha watu wakapisha njia, maana alikuwa amefika Mzee Zubeiri, mkongojo mkononi. Alichuchumaa kwa taabu, akamtazama mtoto wa ndugu yake aliyelala chini.

"Shikamoo, babu," alisema Semeni.

"Marahaba, mjukuu wangu. Pole. Pole, Mwinyijuma." Alinyoosha mkono. "Funua nione."

Ilikuwa sauti ileile ya Mwamvua, ila safari hii ilikuwa yenyewe. Huyu ndiye aliyemshika kidole akimwonyesha alifu. Katika maisha yake yote Semeni hakuwahi kumwambia neno hapana. Machozi yalimtoka, yakadondoka juu ya mikono yake, na hakuwa na mkono wa kuyafuta.

"Niwie radhi, babu," alisema. "Sifunui. Hata kwako sifunui. Nikifunua, baba atakwenda kama alivyokwenda babu Mselem."

Mkono wa Mzee Zubeiri ulibaki hewani. Aliutazama, kisha akaurudisha taratibu kwenye mkongojo wake.

Hapo ndipo Bi Chiku alipofika, kanga imelowa, mikono myeusi kwa matope hadi viwikoni. Alimwona mume wake, akaona damu, akaona vile vitambaa alivyoviita sanda. Bi Kijakazi akamshika bega. "Mwambie mwanao afunue, mwenzangu. Anatushinda."

Bi Chiku alihema. Alikuwa ameponda makumbi tangu asubuhi na alikimbia njia yote ya pwani. Alipiga magoti mbele ya bintiye.

"Mikono yako imechoka?" aliuliza.

"Imechoka, mama."

"Usiitoe." Akaiweka mikono yake juu ya ile ya Semeni, akabana. Ilikuwa mikono mizito, iliyozoea gogo, na matope yake hayakuligusa jeraha kwa sababu mikono ya Semeni ilikuwa katikati. "Atakayetaka kuona," alisema Bi Chiku bila kuinua kichwa, "atakuja kuona likipona."

Lori lililosimamishwa lilikuwa la mkonge, linakwenda Tanga. Wanaume walimbeba Mwinyijuma, wakamlaza juu ya marobota, wakamfunika shuka asishikwe na baridi. Mama na binti walipanda naye bila kuachia. Barabara ilikuwa mbovu, na kila shimo liliwatupa juu. Semeni alianza kwa kuumwa na mabega, baadaye vidole vikafa ganzi, mwishowe hakuisikia tena mikono yake, aliiona tu pale chini ya mikono ya mama yake. Mwinyijuma alikuwa anasinzia na kuzinduka.

"Mama," alimwita bintiye, kama wafanyavyo baba wa pwani, "kesho lori la mbata..."

"Litapita juma lijalo, baba."

"Ndiyo," alisema. "Litapita." Akafumba macho.

Kwenye zahanati Bwana Kristofa alirukia juu ya lori. Semeni alidhani sasa mwisho umefika, sasa dresa atafunua. Bwana Kristofa alivitazama vitambaa, akaushika mkono wa mgonjwa kutafuta mapigo.

"Damu haitiririki tena," alisema. "Hata mimi sifunui hapa. Nitafunga bendeji juu yake hivihivi, twende naye hospitali, wakamshone huko. Haya, binti, sasa achia."

Semeni hakuweza. Vidole vilikuwa vimegoma. Ilibidi mama yake avikunjue kimoja kimoja, na kila kimoja alichokikunjua alikibusu, hivyohivyo na matope na damu yake, mbele ya dresa na dereva na utingo.

Mwinyijuma alishonwa, akalazwa, akarudi nyumbani akiwa amekonda na mkono umefungwa shingoni. Daktari alisema jeraha litapona, ila nguvu za vidole zitarudi polepole, labda si zote. Msimu ule hakufua nazi tena. Majirani walizigawana nazi zake, wakazifua kila mmoja baada ya kazi yake mwenyewe, wakiwa hoi. Hata Bi Kijakazi alikuja kukusanya makumbi, na kila alipopita mbele ya Semeni aliguna, lakini alikuja.

Ijumaa moja baada ya sala, Mzee Zubeiri alifika kumjulia hali mgonjwa. Alikaa barazani, akanywa kahawa, akauliza habari za usingizi na chakula. Hakuomba kuona mkono. Alipomaliza alimwita Semeni aketi mbele yake, na Semeni akaketi kichwa chini, akingojea maneno yake.

"Nimefikiri juu ya ndugu yangu Mselem," alisema. "Tulimpenda sana, mjukuu wangu. Ndiyo maana tulikwenda wote, na ndiyo maana kila mmoja alitaka kuona. Hakuna aliyemtakia mabaya. Kumbe upendo usio na maarifa nao huua. Adabu ni kumheshimu mtu mzima, na hiyo usiiache. Lakini uhai ni amana, na aliyeshika amana haitoi kwa kuombwa, hata akiombwa na mimi. Ulinikatalia vizuri."

Bi Chiku, aliyekuwa mlangoni, aliingia ndani akatoka na kikapu kingine cha ukindu, kipya, alichokisuka mwenyewe jioni hizo alizosema anapumzika. Kilikuwa na vitambaa vyeupe, vimechemshwa, vimekunjwa. Akakiweka mapajani mwa Mzee Zubeiri.

"Hiki cha kwako, baba mkwe," alisema. "Kitundike pale vijana wako wanapochonga mitumbwi."

Mzee Zubeiri alikifungua, akatoa kitambaa kimoja. Akaukunja mkono wa kanzu yake, akaunyoosha mbele ya Semeni mkono mkavu wenye mishipa iliyosimama.

"Nifundishe," alisema. "Bana."

Semeni aliweka kitambaa, akabana. Mikono yake ilikuwa bado inauma. Mzee alingoja, akakohoa, kisha akasema kwa sauti yake ya chuo cha Kurani:

"Haya. Funua nione."

"Sifunui, babu," alisema Semeni.

"Marahaba," alisema Mzee Zubeiri.